Habari za Livermore ziandikwe na hesabu zake zote

Ndugu Mhariri,

Kila Maabara ya Taifa ya Lawrence Livermore, kule California, inapotajwa katika magazeti yetu, wasomaji huambiwa kwamba wanasayansi wameunganisha viini vya atomu wakapata nishati nyingi kuliko waliyotumia, na kwamba umeme wa bei ya chee u njiani. La kwanza ni nusu ya habari. La pili ni ndoto ya mwandishi.

Tarehe 5 Desemba 2022, miale 192 ya leza ilipigwa ndani ya kimkebe cha metali chenye kidonge cha fueli kisichozidi punje ya pilipili manga. Kidonge kikabanwa na kupashwa joto kali mno hata viini vya haidrojeni nzito vikaungana. Mwanga wa leza uliofika ulibeba megajuli 2.05, zikatoka 3.15. Wengi huishia hapo. Lakini ili kuziwasha leza hizo, mitambo ilivuta umeme wa megajuli 300 hivi.

Sisi tunaonunua umeme kwa LUKU tuipige hesabu hiyo kwa lugha yetu. Uniti moja ni megajuli 3.6. Basi kilichotoka pale, ambacho Waziri wa Nishati wa Marekani alikitangaza mwenyewe kwa shangwe, hakikufika hata uniti moja, tena ni joto tupu, bado halijageuzwa umeme. Uniti zilizoingia zilizidi 80. Mwanafunzi wa kidato cha tatu anaiweza hesabu hii, sembuse chumba cha habari.

Sisemi haya kuwadharau watu wa Livermore. Kazi yao ni kubwa, na ugumu wake ndio ungefaa kuandikwa. Kituo chao cha leza kilikamilika mwaka 2009, na lengo la kuwasha fueli kufikia 2012 likawashinda. Agosti 2021 walipata megajuli 1.3 na ushei, kisha kila walipojaribu kurudia hawakuifikia tena, kwa kuwa kasoro ndogo sana kwenye ganda la kidonge zinatosha kuharibu mbano wote. Wakanenepesha ganda, wakaongeza nguvu ya leza kidogo, ndipo ikaja ile Desemba. Julai 2023 walipata nyingi zaidi, megajuli 3.88. Habari tamu kama hiyo mnaiachaje?

Tena mnaacha jambo zito. Kituo hicho hakikujengwa ili kitoe umeme. Marekani ilisimamisha majaribio ya mabomu ya nyuklia mwaka 1992, na leza hizi ni njia mojawapo ya kuchunguza hali ya silaha zake bila kulipua chochote jangwani. Ndiyo maana hakuna aliyehangaika leza zipige mara ngapi. Baada ya pigo moja vioo vyake huhitaji saa kadhaa vipoe, ilhali mtambo wa umeme ungetaka mapigo kadhaa kila sekunde.

Wanaotafuta umeme hasa wengi wako upande wa sumaku, ambako plazma, yaani fueli iliyopashwa moto mno hata ikawa gesi yenye chaji za umeme, hufungiwa kwa nguvu ya sumaku isiguse kuta za chombo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, wameihangaikia njia hiyo tangu 1951, na mtambo wao ulifikisha megawati 10.7 mwaka 1994. Kule Culham, Uingereza, mtambo wa JET ulitoa megajuli 69 mwaka 2023 kwa miligramu 0.2 tu za fueli. Hata hapo joto lililoingizwa kwenye plazma lilizidi lililotoka.

La mwisho, kwa sababu naulizwa sana: teknolojia hii haihusiani na urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo. Urani ni ya vinu vinavyopasua viini. Huku fueli ni aina mbili za haidrojeni nzito: deuteriamu, inayopatikana kwenye maji, na tritiamu, ambayo ni adimu na itabidi itengenezwe kwa lithiamu ndani ya mtambo wenyewe. Mkiziweka mbili hizo katika aya moja bila maelezo, mnawapa watu wa Ruvuma matumaini yasiyo na msingi.

Kwa hiyo siku Livermore itakapovunja rekodi nyingine, naomba mchapishe namba tatu pamoja: nishati iliyovutwa na mitambo, iliyofika kwenye kidonge, na iliyotoka. Nafasi ikiwa finyu, ondoeni ile picha ya mpira wa moto mnayoirudia kila mara. Hiyo kwanza ni ya jua.

Mwalimu wa fizikia,
Morogoro