Barua kwa Mwakio, kuhusu minyoo ya punda milia

Mji wa Kale, Mombasa

Kwa rafiki yangu Mwakio,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hatujambo, na Bi Zuhura anakusalimu. Mengine ya nyumbani utayasikia kwa Salim akifika huko. Ama baada ya salamu, nimeisoma barua yako, na kuna neno lililonikaa moyoni: kwamba punda milia waliokonda hapo Voi wana minyoo kwa kuwa ni wa ukoo dhaifu, na kwamba ndivyo mtakavyoandika katika ripoti. Nakusihi, ndugu yangu, msiandike hivyo bado.

Ukoo una nafasi yake, wala silikatai hilo. Katika hifadhi ya Etosha, Namibia, watafiti walichunguza jeni ya kinga ya mwili ya punda milia iitwayo ELA-DRA, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba aina adimu za jeni hiyo ziliandamana na minyoo mingi zaidi ya tumbo, ilhali zile zilizoenea ziliandamana na kupe wengi zaidi. Basi huyo mnayemwita dhaifu kwa sababu ya minyoo, huenda ndiye anayesalimika na kupe.

Tena kuna malisho. Mayai ya minyoo hutoka na kinyesi, huanguliwa penye joto na unyevu, kisha mabuu hupanda kwenye majani na kumngoja mlaji. Mvua ikinyesha, hakuna ukoo unaosalimika. Mama anyonyeshaye naye hawezi kukaa mbali na maji, na hapo ndipo kinyesi cha wenzake kinaporundikana. Hata kukonda kwenyewe si lazima kuwe kwa minyoo: katika ukame wa mwaka 2022, kati ya Februari na Oktoba, serikali yetu ilitangaza vifo vya punda milia wa kawaida 381 na wa aina iitwayo Grevy 49.

Ninachokuomba ni kuwapima wanyama walewale kiangazi na masika. Milia ya kila mmoja ni yake peke yake, kwa hiyo picha za ubavu zitatosha kuwatambua. Kinyesi kichukuliwe kingali na joto, upande usiogusa udongo, na kiwekwe penye baridi bila kugandishwa, kwa sababu kikicheleweshwa kwenye jua la Voi mayai huanguliwa na hesabu hupotea. Hapa nitakikoroga katika maji ya chumvi iliyokolea, mayai yaelee, niyahesabu kwa hadubini. Atakayewazidi wenzake misimu yote miwili, umri na malisho yakiwa sawa, huyo ndiye wa kuulizia ukoo. Kupe ni vigumu kuwahesabu bila kumlaza mnyama kwa dawa, lakini daktari akimlaza mmoja kwa sababu nyingine, msiiache nafasi hiyo.

Je, ripoti inatakiwa lini? Hao waliokonda walikuwa wakinyonyesha? Mlichukua kinyesi kabla ya mvua au baada yake? Kuna punda wa kufugwa wanaokunywa nao bwawa moja? Na Mzee Mwadime, aliyewaonya tangu mwanzo, anasemaje sasa?

Nijibu kwa mkono wa Salim, kabla hamjaipeleka ripoti.

Wako,
Rukia