Hela ya kujaribu teknolojia hospitalini isiishie siku ya kukabidhi mashine

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu hela ya serikali inayotengwa kusaidia hospitali na vituo vya afya wajaribu teknolojia mpya. Niseme mapema nisieleweke vibaya, hela hiyo naiunga mkono na ningependa iongezwe. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi inaisha siku mashine inapokabidhiwa, hotuba zinatolewa, picha zinapigwa, halafu yote yaliyobaki anaachiwa muuguzi na mtu wa maabara ambao hakuna aliyewapunguzia kazi hata kidogo ili wajifunze hicho kitu kipya.

Mimi ni mtu wa maabara kwa hiyo naongelea ninachokijua. Mashine ikishafika ndo gharama zinaanza. Inataka vitendanishi (zile kemikali za kupimia) muda wote, inataka umeme usioyumba, inataka chumba kisicho na joto kali, inataka fundi wa vifaa tiba anayeijua na spea zinazopatikana, kila baada ya muda ihakikiwe kama bado inasoma sawasawa, na yule mmoja aliyepelekwa semina akihamishwa awepo mwingine aliyefundishwa. Ukiangalia bajeti za miradi hayo mengi huyakuti, au yamewekwa mstari mmoja mwishoni. Kuna utafiti ulichapishwa mwaka 2011, walikusanya orodha za vifaa tiba kutoka nchi 16 zenye uwezo mdogo wakakuta karibu asilimia 40 ya vifaa havifanyi kazi. Yani kwenye kila vifaa kumi, vinne vimekaa tu na wagonjwa wapo nje wanasubiri.

Chukua mashine ya GeneXpert ya kupima kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani liliipitisha Desemba 2010 na watu wa maabara tuliifurahia kweli kweli, kwa sababu darubini ilikuwa inakosa wagonjwa wengi hasa wenye VVU, na hii inatoa jibu ndani ya saa mbili hivi na inakwambia hapo hapo kama vimelea vimekuwa sugu kwa rifampicin, moja ya dawa kuu za kifua kikuu. Mwaka 2012 wafadhili wakaingiza hela, bei ya katriji moja, kile kikasha cha kuwekea sampuli kinachotumika mara moja, kwa nchi zenye kipato kidogo ikashuka kutoka karibu dola 17 mpaka chini kidogo ya dola 10. Afrika Kusini walianza kuisambaza nchi nzima mwaka 2011 na wakafanya kitu ambacho mimi naona ndo cha kuigwa, waliingiza utafiti ndani ya usambazaji wenyewe, maabara zingine zikaanza na mashine mpya na zingine zikaendelea kwanza na darubini, zikichaguliwa kwa bahati nasibu, halafu wakafuatilia wagonjwa miezi sita. Matokeo yalitoka 2015. Vifo havikuwa vimepungua kwa kiwango cha kusema kwa uhakika kwamba ni mashine imepunguza. Mashine ilikuwa inapima vizuri tu, shida ilikuwa mbele yake, maana kwenye makundi yote mawili walikuwepo waliokutwa na ugonjwa na hawakuanza dawa, na wengine madaktari walikuwa wanawaanzishia dawa kwa dalili bila kungoja kipimo. Hilo huwezi kulijua ukiwa ofisini unasoma karatasi za muuzaji. Linajulikana kwa kufuatilia wagonjwa wa kweli kwenye vituo vya kweli, na ufuatiliaji wa namna hiyo lazima mtu aulipie.

Na hapo ndo nasema hela ya umma haikwepeki. Muuzaji atajaribu kifaa chake pale kinapofanya kazi vizuri, kwenye hospitali kubwa yenye wataalamu wengi na umeme wa uhakika, simlaumu kwa hilo, lakini kituo kidogo chenye wauguzi wawili zamu ya usiku hakina hela ya kubahatisha na hakina mtu wa kumtoa wodini aende akahesabu mafanikio ya majaribio. Angalia oksimita, kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni kwenye damu. Kimetumika miaka na miaka dunia nzima. Desemba 2020 watafiti wa Marekani wakaonyesha kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa kilikuwa kinasema oksijeni ipo sawa wakati damu yenyewe inaonyesha imeshuka, na kosa hilo liliwapata karibu mara tatu zaidi kuliko wagonjwa weupe. Ilikuwa katikati ya korona, watu wanapangiwa kulazwa au kurudishwa nyumbani kwa namba ya kifaa hicho! Kujaribu kitu kwa watu watakaokitumia si anasa, ni usalama wa mgonjwa.

Pia namna ya kuitoa hela ina maana yake. Uingereza mwaka 2002 walianzisha mpango mkubwa wa mifumo ya kompyuta ya hospitali, ukaamuliwa kutoka juu, hospitali zikaletewa mifumo, na mwaka 2011 serikali ikatangaza kuuvunja, kamati ya bunge ya hesabu za umma ikaja kusema mwaka 2013 kwamba gharama inakaribia pauni bilioni 10. Marekani kwa sheria yao ya HITECH ya 2009 walienda njia nyingine, daktari au hospitali ilikuwa inalipwa ikionyesha kweli inautumia mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa, kuununua tu hakutoshi. Hospitali zenye mifumo hiyo zikatoka chini ya asilimia 10 kabla ya sheria mpaka zaidi ya asilimia 80 ndani ya miaka michache. Na wao walikosea, mifumo mingi haiongei na mingine na madaktari wanalalamika mpaka leo kwamba muda wa mgonjwa unaliwa na kompyuta, ila angalau hela ilifuata matumizi.

Wajerumani kwenye sheria ya mwaka 2020 walitenga euro bilioni 3 za serikali kuu kwa ajili ya mifumo ya hospitali na wakaweka sharti kwamba si chini ya asilimia 15 iende kwenye usalama wa mifumo. Baada ya virusi vya WannaCry kufunga kompyuta za hospitali nyingi za Uingereza Mei 2017 na watu kuahirishiwa operesheni, sharti hilo mimi nalielewa kabisa.

Najua wapo watakaosema glavu zenyewe hazitoshi, dawa hazitoshi, leo tunaongelea teknolojia. Hoja hiyo nzito na siidharau, nimeshakaa maabara bila vitendanishi najua inavyokuwa. Lakini teknolojia inakuja hata tusipoitengea hela ya majaribio, itakuja kwa zabuni, itakuja kwa msaada, itakuja kwa mtu aliyeona maonyesho mahali akavutiwa, na ikija hivo bila kujaribiwa ndo inakula ile hela ya glavu.

Kwa hiyo ninachoomba kwa wanaopanga bajeti ni hiki, kila mradi wa kujaribu kifaa au mfumo mpya uonyeshe umelipia saa ngapi za watumishi, nani anashika kazi zao wakiwa wanajifunza, na fundi analipwa na nani mwaka wa tatu wakati mfadhili ameshaondoka. Usipoonyesha usipitishwe. Na kitu kikijaribiwa kikashindwa, ripoti iwekwe hadharani kama ile ya kilichofanikiwa, bila kumwadhibu aliyejaribu, maana sasa hivi watu wanaficha, kituo cha pili kinapewa hela kujaribu kitu kilekile kilichoshindwa kituo cha kwanza na hakuna aliyewaambia.

Mtaalamu wa maabara, msomaji wako wa siku nyingi