Kuchimba dawa hadi lini?

Mhariri,

Likizo iliyopita tulitoka Morogoro kwenda Kigali kwa gari letu: mimi, mume wangu, watoto watatu na bibi yao mwenye miaka 71. Tulilala Singida, kesho yake tukapita Nzega, Kahama na Nyakanazi hadi Rusumo.

Barabara ni lami, sina neno. Taabu ni choo. Kituo kimoja cha mafuta baada ya Singida kilikuwa nacho, kizuri tu, ila kimepigwa kufuli na mwenye ufunguo "ametoka kidogo". Ikabidi bibi ashuke kuchimba dawa kwenye vichaka vya miiba, nami nimemkingia khanga, malori yakipita na kupiga honi. Aliporudi garini hakufungua mdomo hadi Nzega. Wanaume mtaona ni jambo dogo.

Mpakani hatukukaa sana, maofisa wa nchi zote mbili wako pamoja. Ukivuka mto Kagera unahamia kulia mwa barabara, na saa inarudi nyuma saa nzima. Watoto walishangilia kama wameongezewa likizo.

Ninachoomba ni kwamba wanaotoa leseni za vituo vya mafuta wadai choo chenye maji, kilicho wazi usiku na mchana. Hata shilingi 500 tutalipa. Desemba tunapanga kwenda tena, na bibi ameshauliza habari za choo kabla ya kuuliza tarehe.

Mama wa watatu,
Morogoro