Kwa Mwanaidi, kuhusu kikundi cha ndoto

Raskazone, Tanga
Jumapili asubuhi

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleykum. Natumai u mzima, na Bi Mkubwa anaendelea vyema na mguu wake. Mpe shikamoo yangu.

Barua yako nimeipata, na nimefurahi mno kusikia kwamba hapo Bagamoyo mmeshapata chumba na watu saba wa kuanza nao kikundi cha saikolojia ya kina, ile inayotafuta yaliyofichika chini ya fahamu. Saba ni idadi nzuri. Msizidi wanane, la sivyo wapo watakaorudi nyumbani hawajasema neno, wala msipungue watano, maana wakikosekana wawili mtabaki mnatazamana. Umeniuliza mengi, lakini nianze na lile ambalo likiharibika mengine yote hayana kazi: ndoto ni ya aliyeiota, na kikundi hakiagui.

Watu wa pwani tunajijua. Mtu akisema "nimeota nyoka", hajamaliza sentensi mwenzake ameshamwambia ana adui. Ndivyo tulivyolelewa, na vitabu vya tafsiri vinavyonasibishwa na Ibn Sirin vimo majumbani mwetu. Lakini wazee hao hao walitufundisha kwamba ndoto imo kwenye mguu wa ndege mpaka iaguliwe, ikishaaguliwa, huanguka. Ndiyo maana hawakuisimulia ovyo. Imani hii usiifukuze kikundini. Sijaona hoja bora kuliko hiyo ya kumzuia mtu asimtupie mwenzake maana.

Fuateni utaratibu wa Montague Ullman, daktari wa akili wa Marekani aliyeutengeneza katika miaka ya 1970 ili hata wasio wataalamu waweze kuutumia. Mkianza saa kumi na robo, baada ya swala ya alasiri, mtamaliza saa kumi na mbili kasorobo na magharibi haitawakuta mmekaa. Dakika 90 ni za ndoto moja tu. Mwenye ndoto anaisimulia bila kuieleza, wenzake wanauliza mambo ya kuona na kusikia: mlango ulikuwa rangi gani, wewe ulikuwa na umri gani. Hapo zimekwenda dakika kumi. Kisha yeye ananyamaza, na wengine wanaichukua ndoto kana kwamba wameiota wao. Kwanza wanataja hisia peke yake, dakika kumi, halafu taswira na zinachoweza kusimamia, dakika ishirini. Kila anayesema aanze na maneno haya: "Ingekuwa ndoto yangu..." Wasemapo, wasimtazame mwenye ndoto, watazame katikati ya mkeka.

Chukua mfano. Mtu ameota yuko nyumba ya bibi yake, mlango wa uani uko wazi na maji ya bahari yamefika kizingitini, samaki wadogo wanaingia. Anayeagua atasema maji ni riziki, hongera. Anayefuata utaratibu atasema: "Ingekuwa ndoto yangu ningeona haya, maana uani ndiko kunakoanikwa nguo za ndani na bahari nzima inatazama." Mwingine: "Ingekuwa yangu ningefurahi, kwa sababu samaki wamekuja wenyewe, sikuvua." Kauli hizo mbili zinapingana na zote zina nafasi. Mwenye ndoto akirudishiwa zamu anachukua inayomgusa, zilizobaki anaziacha hapo hapo mkekani. Mpe dakika ishirini aseme peke yake, msimkatize. Mazungumzo ya pamoja yanafuata, nayo yaishe kwa yeye kusema "basi, inatosha". Ana haki ya kusema hivyo wakati wowote, hata dakika ya tano.

Panapoharibika ni pale pale kila mara. Atatokea mwenye ujuzi, mara nyingi mtu mwema tu aliyesoma vitabu vingi, atakayesema "ingekuwa ndoto yangu, ningejua kwamba ninamkimbia mume wangu". Hiyo ni tafsiri iliyovaa kanzu ya kuazima. Mkatize kwa upole: "Mwalimu, sema wewe ungejisikiaje." Usimwache afike mwisho wa sentensi kwa heshima ya umri wake, kwani akishafika neno limeshaanguka.

Wako watakaokataa kusimulia ndoto mbaya, kwa kuwa mafundisho ya Mtume yanataka mtu ajikinge kwa Mwenyezi Mungu, ateme kushoto mara tatu, ageuke ubavu wa pili, na asimhadithie yeyote. Waheshimu kabisa. Wala usiwazunguke kwa kuwaambia wachore kile walichokataa kukisema. Na mtu akiota marehemu, akataka kwanza kumsomea dua, muombeeni pamoja; taswira zitasubiri.

Kuhusu daftari: kila mmoja awe na lake, liwe kando ya mto pamoja na kalamu, simu iwe mbali. Usingizi wetu huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na vipindi virefu vya ndoto huangukia karibu na alfajiri, kwa hiyo anayeamshwa na adhana amekwishawekwa mahali pazuri. Asigeuke wala asiinuke kabla hajaikamata ndoto kichwani, maana mwili ukishajitikisa nusu yake imekwenda. Aandike kwa wakati uliopo, "naingia, naona", na kama bibi alisema Kikwere au Kizaramo ndotoni, maneno yabaki katika Kikwere au Kizaramo. Ukiyatafsiri unapoteza sauti ya bibi, na mara nyingi sauti ndiyo iliyobeba ndoto. Chini aongeze mistari miwili ya yaliyotokea jana yake.

Sasa boksi la mchanga, ambamo mtu hupanga vitu vidogo badala ya kusema, ambalo ndilo umeliulizia sana. Dora Kalff wa Uswisi alilijenga juu ya kazi ya Margaret Lowenfeld, aliyeanza na watoto London mwaka 1929. Mwambie seremala alitengeneze ndani liwe na urefu wa sentimita 72, upana 57, kina 7. Vipimo hivyo vimechaguliwa ili jicho lilione lote bila kugeuza shingo. Ndani lipakwe rangi ya mafuta ya buluu, mikono mitatu, chini na kuta, ili mtu akisukuma mchanga aone maji. Kitako kiwe plaiwudi ya milimita 12, kikazwe kwa skrubu, si misumari. Mchanga wa kina cha sentimita 4 ni kama lita 16, uzito wake unapita kilo 25, na kitako chembamba kitabonyea katikati ndani ya mwezi mmoja.

Mchanga wa ufukweni msiutie jinsi ulivyo. Chumvi hunyonya unyevu wa hewa, mchanga unabaki kunata na skrubu zinaota kutu. Uosheni kwa maji ya bomba mara nne au tano, mpaka mkiuonja ulimi haupati kitu, muuanike juu ya turubai siku mbili za jua kali, kisha muuchekeche kwa chekeche ya unga. Ukiwa tayari, ukiumimina kutoka kiganjani unashuka kama uzi.

Vitu vya kupanga juu yake visinunuliwe. Wenzako wa TaSUBa, chuo cha sanaa hapo Bagamoyo, wana vipande vya miti ya kuchonga vinavyotupwa. Ongeza simbi, vifuu, kokwa za embe, gari la waya, kipande cha kamba ya mkonge, kioo kilichovunjika na kusuguliwa na bahari. Wasiopenda sanamu za watu kwa ajili ya dini wakae na mawe na mbegu, na watapata kila wanachokitaka. Ila msiweke vinavyopendeza tu. Pasipo na kitu kibaya, chenye meno au kilichooza, mtu hana pa kuweka hasira yake. Anayepanga apange kimya, wengine wakae bila kugusa wala kuuliza. Picha ipigwe kwa idhini yake, na boksi livunjwe akishaondoka, kamwe si mbele yake.

Kuhusu kivuli, yaani yale ya kwetu tunayoyaona kwa wengine tu, nakushauri kanga. Tandaza kanga kumi na mbili, majina juu. Kila mmoja achague si ile aipendayo bali ile ambayo jina lake linamuudhi. Anayeshika "Hasidi hana sababu" aandike robo saa: nani husema hivi, kwa sauti gani, na mimi nimelisema lini mara ya mwisho. Swali la tatu ndilo kazi yenyewe. Karatasi asiisome kwa sauti asipotaka.

Mtihani wa maneno wa Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, yaani orodha ya maneno 100 na saa ya kupima sekunde, unafaa siku moja moja. Neno linatajwa, mwenzako anajibu kwa neno la kwanza linalomjia, na pale anapokawia ndipo penye kitu. Kwenu maneno thelathini yanatosha, wawili wawili, na karatasi ibaki kwa aliyeulizwa. Ikibaki kwa muulizaji, kesho iko sokoni.

Watakuuliza Jung ana nini na sisi. Waambie alishuka Mombasa mwaka 1925, akaenda hadi Mlima Elgon, na huko wazee wakamfahamisha kwamba zipo ndoto ndogo za mtu binafsi na ndoto kubwa zinazohusu watu wote. Ugawaji huo aliuchukua kwao na akautumia maishani. Usiwafiche pia kwamba aliwaandika Waafrika kama watu wa ngazi ya chini ya fahamu. Lazima wayasikie yote mawili kwako kabla hawajayakuta vitabuni.

La mwisho si la kuahirisha. Mtu akikosa usingizi siku kadhaa, akisikia sauti, au akitaja kujidhuru, kazi ya ndoto kwake isimame siku hiyo hiyo, na wewe mwenyewe ufuatane naye hospitali. Aliyefiwa majuzi naye asipewe kazi ya boksi. Akae, anywe chai, asikilize. Chai na mihogo, kwa jumla, viwe mwisho, maana sahani zikipita katikati hakuna atakayerudi kwenye ndoto.

Boksi letu la pili halina kazi kwa sasa. Nitalipakia Jumatano kwenye basi linalopita Msata, likiwa tupu, limefungwa turubai. Anza kuosha mchanga.

Wako akupendaye,
Rehema