Barua kwa Wazazi na Walezi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Tumsifu Yesu Kristo!

Tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha salama mwisho wa muhula. Binti yako anakuja na ripoti yake ya maendeleo. Tarehe ya kufungua shule, salio la ada na mahitaji ya muhula wa pili vimeandikwa nyuma ya ripoti hiyo. Katika barua hii nataka tuzungumze kuhusu fasihi na gazeti la wanafunzi.

Baadhi ya wazazi wa Kidato cha Nne mmefika ofisini kuuliza kwa nini binti mwenye alama nzuri achague tahasusi ya HKL, yaani mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza kwa Kidato cha Tano na cha Sita. "Sista, hadithi zitampa kazi gani?" Ni swali la mzazi anayempenda mwanawe, nami nalijibu kwa niliyoyaona muhula huu.

Kidato cha Tatu wamesoma Takadini cha Ben Hanson. Wengi mnakijua: Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino, mila inataka mtoto auawe, mama anatoroka naye. Anayesoma kwa ajili ya mtihani tu hukariri dhamira na wahusika, basi. Mwalimu wao hakuwaachia hapo. Aliwataka kwanza waeleze hoja za wazee wa kijiji kwa haki, kama wazee wenyewe wangezieleza, ndipo wazipinge. Wapo waliolia darasani, na mjadala uliwafuata hadi mabwenini.

Baadaye klabu ya uandishi wa habari ikaandika kuhusu foleni ya maji kwa ajili ya gazeti la ukutani, lile linalobandikwa nje ya bwalo. Rasimu ya kwanza ilimlaumu matroni mwanzo hadi mwisho. Mlezi wa klabu akawarudisha: mmemuuliza yeye? Mmemuuliza fundi? Wakaenda na saa, wakapima ndoo moja inajaa kwa muda gani, wakahesabu mabomba, wakamfuata fundi. Kumbe koki ya tangi la juu ilikuwa ikifunguliwa wasichana wakiwa wameshapanga foleni. Habari iliyobandikwa ilikuwa na maelezo ya matroni mwenyewe, na siku hizi koki inafunguliwa alfajiri. Niliisoma nikiwa nimesimama katikati yao, nikajivunia sana. Waliomtendea haki matroni ni walewale waliojifunza kuwasikiliza wazee wa Takadini.

Kazi hii si ngeni katika Kanisa letu. Mtakatifu Fransisko wa Sales, aliyetangazwa na Papa Pius XI mwaka 1923 kuwa msimamizi wa waandishi, alikataliwa na watu wa eneo la Chablais huko Ulaya, hawakutaka kumsikiliza. Akaandika mafundisho yake kwenye karatasi, akazipenyeza chini ya milango yao. Hapa nchini, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) cha Mwanza, kilicho chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki, kinafundisha uandishi wa habari, na Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imeifanya kazi hiyo kuwa taaluma yenye ithibati. Walimu, wanasheria na watangazaji pia wametoka kwenye HKL.

Sayansi tunaithamini, na anayeipenda aisome kwa bidii. Ninachoomba ni kwamba usimbadilishie binti tahasusi kabla ya kuonana na mwalimu wa taaluma. Njoo na binti mwenyewe, naye asikilizwe.

Likizo hii kila mwanaklabu ataandika habari moja ya mtaani au kijijini kwenu: bei ya mahindi sokoni, kisima kilichoharibika, chochote chenye watu wa kuhojiwa. Mpelekeni kwa bibi, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa mama lishe. Akiwahoji ninyi, mjibuni kwa uvumilivu hata maswali yakizidi. Tafadhali msimwandikie. Kazi iwe ya mkono wake, naye aikabidhi kwa mlezi wa klabu siku ya kufungua, pamoja na vitabu vya maktaba alivyoazima.

Wenu katika Kristo,

Mkuu wa Shule