Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Ada, Akidi na Kipimo cha pH

Ndugu wanachama, walezi wa chama, habari za siku nyingi.

Ya kawaida mnayajua, nitayapitia mbio. Tulichimba shimo la udongo Kabanyolo, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha Makerere, tukasoma matabaka, tukapiga picha. Tulikwenda kinamasi cha Lubigi kuona mafunjo yanavyochuja majitaka ya Kampala. Semina zilikuwa mbili, moja ikavunjwa na mvua. Basi.

Sasa la fulana. Mkutano uliopita uliamua shilingi 1,400,000 kutoka michango ya wahitimu ziende kwenye fulana. Mimi na mweka hazina tukazinunulia kipimo cha pH, yaani kifaa cha kupima asidi ya udongo. Tangu hapo nimepewa majina kwenye kundi la WhatsApp, "mwizi wa fulana" likiwa ndilo lenye adabu kuliko yote.

Kabla ya hapo asidi tulikuwa tunaipimia karatasi zinazobadilika rangi. Sampuli za mashamba mawili ya maharage zikaonyesha rangi ileile, na mwanachama mmoja akaandika "udongo mzuri" kotekote. Kipimo kipya kilisoma 4.7 shamba moja, 5.9 jingine. Mliosoma kemia mnajua pH ikishuka kwa 1 tu, asidi imezidi mara 10. Kwenye 4.7 alumini huyeyuka ikadumaza mizizi, na fosforasi ya mbolea hunaswa na chuma na alumini kabla mmea haujaionja. Mkulima wa shamba hilo anahitaji chokaa kwanza, ipunguze asidi. Sisi tulikuwa karibu kumwambia anunue mbolea. Fulana haipimi hilo.

Kuhusu ncha ya kioo ya kipimo hicho, iliyoharibika Juni: ncha ile hulazwa ndani ya maji ya potasiamu kloridi, haiachwi mezani. Ilikutwa wazi, kavu, chumvi nyeupe imeigandia. Ufunguo wa kabati tunao watu wawili, na wiki hiyo mimi nilikuwa msibani Mbale. Sitasema zaidi. Ncha mpya niliinunua kwa 310,000 za mfukoni mwangu. Risiti ninayo, ingawa sidai.

Daftarini tuko 86. Waliolipa ada ya 20,000 ni 31. Akidi ya mkutano ni 29. Mkutano wa Agosti walikuja 14, mmoja wao akifuata chaja aliyoisahau. Lakini siku ya Lubigi, iliposikika kuna nyama choma, tulifika 60 na ushee, na mafunjo yalitazamwa na wachache.

Hesabu: ada 620,000, wahitimu 1,500,000, kipimo 1,400,000, usafiri, chai na hiyo nyama 585,000, salio 135,000.

Mwaka ujao, Mungu akipenda, tunatumaini kufika Bududa, kwenye miteremko ya Elgon iliyoporomoka mwaka 2010, tujifunze kwa nini udongo ule hushindwa kujishikilia mvua ikizidi. Itategemea basi. Fulana nazo zitafikiriwa, tukianza na wale 31.