Mwanangu Zuhura, hili ndilo jimbo unalokuja

Mwanangu Zuhura,

Nimefurahi kusikia visa imetoka, alhamdulillahi. Sasa nikujibu maswali yako ya Nebraska, maana naona huko nyumbani Marekani yote ni New York.

Bahari sahau. Ukitoka hapa, upande wowote ule, lazima ukatize angalau majimbo matatu ndipo uguse maji ya chumvi. Mito ndiyo ipo. Missouri ni mpaka wa mashariki, na Omaha, jiji kubwa kuliko yote, liko ukingoni mwake. Platte nao unatoka magharibi, mpana lakini wa kina kifupi, umejaa visiwa vya mchanga. Mwezi wa Machi korongo kwa malaki hutua humo kulala, safarini kwenda kaskazini. Alfajiri wakiruka, kelele zao zinanifikia ndani ya lori na vioo nimefunga.

Barabara kuu ya 80 ninayoendesha inaandamana na mto huo. Toka Omaha hadi mpaka wa Wyoming ni kama kilomita 730, nchi ikipanda polepole hata usijue. Huko magharibi saa inarudi nyuma kwa saa moja, na jimbo ni lilelile! Kaskazini ni Sandhills, vilima vya mchanga vilivyoshikwa na nyasi: ng'ombe na upepo, basi.

Watu wote ni milioni mbili hivi, lakini kaunti ni 93. Sisi Kenya tuna 47 na tunalalamika ni nyingi. Makao makuu ni Lincoln, si Omaha, na gavana huchaguliwa kwa miaka minne.

Ila bunge lao ndilo linalonivutia. Majimbo mengine yote 49 yana mabaraza mawili. Nebraska ina moja tu. Seneta George Norris aliwashawishi wananchi kwamba mabaraza mawili yakivutana, watu wachache hujifungia chumbani na kuamua sheria wenyewe. Wakapiga kura 1934, na baraza moja likaanza kazi 1937. Leo lina maseneta 49, na kwenye karatasi ya kura hawaandikwi chama. Kila muswada lazima usikilizwe hadharani, na mwananchi yeyote anaweza kwenda kusema lake. Hilo nalipenda. Mshahara wao ndio sielewi: dola 12,000 kwa mwaka, hata mimi dereva nawapita. Mlipa kodi anafurahi, lakini mtu wa kibarua atagombea vipi?

Kura za urais nazo wanazigawa. Huku rais huchaguliwa kwa kura ambazo kila jimbo limepewa, na Nebraska ina tano. Mbili za mshindi wa jimbo zima, tatu moja moja kwa kila wilaya ya uchaguzi. Ndiyo maana 2020 Trump alichukua nne, Biden akapata moja ya Omaha.

Bunge hukaa kuanzia Januari, nitakupeleka Lincoln ukawasikilize. Koti usinunue Mombasa. Yanayouzwa huko hayatafua dafu mbele ya upepo wa hapa, tutanunua ukifika.

Baba yako